Maswali Kumi na Moja

Mulot, 9 Februari 2025

Mama Mkubwa Jerusa,

Chamgei. Huku hatujambo, ila vumbi la barabara ya Narok limeingia mpaka kwenye sufuria. Janeffer anakusalimu. Mtoto ameota meno mawili ya chini na sasa anauma kila kitu, pamoja na rejista yangu ya darasa. Barua hii inaletwa na Nganga wa viazi, kwa hiyo ikifika na udongo usinilaumu mimi. Ningepiga simu, lakini tangu kwinini iharibu masikio yako najua simu kwako ni kelele tu. Na kusema kweli napenda kukuandikia. Mama alipokufa ni wewe uliyenichukua, ukanifundisha kusoma kwa karatasi za kufungia sukari, na hadi leo nikiandika kitu kizuri nataka ukione kwanza wewe.

Kidato cha Nne tumeanza ile riwaya kongwe ya mtihani. Ni habari za binti wa mhunzi, Mwanatumu, anayempenda mchimba visima asiye na hata jembe lake mwenyewe, huku mzee mwenye maghala ya nafaka akitaka kumwoa. Unajua desturi yangu. Tukimaliza sura tano, kila mmoja anaandika ukurasa wa maoni yake ya awali kabla sijamwambia lolote. Nazisoma mara moja, natia kila moja kwenye bahasha yake na kuifunga kwa gundi. Kitabu kikiisha, kila mwanafunzi anarudishiwa yake aone alivyokuwa mjinga, au alivyokuwa na akili kabla mwalimu hajamharibu.

Kiplimo ameandika: "Huyu mchimba visima ni bure kabisa. Anachimbia watu maji na mama yake bado anateka mtoni." Fancy amelia sura ya tatu, karatasi ina alama za machozi au za chai. Lakini kuna msichana anaitwa Chepngeno. Nimekunakilia maneno yake kabla sijaifunga bahasha:

"Sijaona kama hiki ni kitabu cha mapenzi. Nimehesabu maswali. Katika sura tano Mwanatumu ameulizwa maswali kumi na moja. Ameulizwa kama amekula, kama amechota maji, kama amefunga mbuzi, kama anaumwa. Hakuna mtu amemuuliza anataka nini. Hata mchimba visima anayempenda hajamuuliza. Tajiri alimuuliza kama anaogopa mbwa, kwa sababu kwake kuna mbwa. Angalau hilo ni swali la mtu anayefikiria mwenzake ataishi vipi."

Nimefundisha kitabu hiki mara nne na sijawahi kuhesabu maswali. Msichana huyu anakamua ng'ombe watano alfajiri ndipo aje shule, na bado anawapita wote. Hana majivuno wala maneno mengi. Nyumba itakayompata huyo imepata.

Mwanao,
Bethwel


Karibu na Chepilat, 2 Machi 2025

Bethwel mwanangu,

Chamgei mising. Barua ilifika ikinuka viazi. Mvua ya mawe ilitupiga juma lililopita na majani chai ya upande wa mto yamebaki vijiti, kama yaliyopitiwa na mbuzi. Kituo cha majani tunapeleka kikapu kimoja mahali pa vitatu. Ng'ombe mweusi amezaa ndama jike. Katika boma hili ni yeye tu anayezaa, kwa hiyo nampa chumvi ya kutosha.

Wana wa ndugu za marehemu mume wangu Noah wanapita kwenye ua wangu kila Jumapili baada ya kanisa. Wananisalimu vizuri sana. Halafu wanatembea kando ya ua wakipima kwa hatua, wakidhani mtu akiwa kiziwi ni kipofu pia. Miaka kumi na moja tangu Noah afe, na kila mwaka hatua zao zinakuwa za pole pole zaidi, wasikosee.

Kitabu chenu sijakisoma lakini nimeshamwonea huruma huyo mwenye maghala. Amelima, amejenga, hana wa kumwachia, na nyinyi mnamcheka. Mkono mtupu haulambwi. Huyo mchimba visima angemlisha Mwanatumu nini, udongo?

Huyo msichana wa maswali ni wa nani? Wao ni ukoo gani? Mama yake alizaa wangapi? Ana miaka mingapi? Nauliza tu.

Mama yako,
Jerusa


Mulot, 23 Machi 2025

Mama Mkubwa,

Pole kwa mvua ya mawe. Sisi huku tunaililia mvua yoyote, hata ya mawe tungeipokea. Mtoto ana kikohozi lakini anakula.

Unauliza kama karani wa sensa. Haya, nakujibu. Baba yake ni Kipchirchir, anachunga na kulima mahindi upande wa pili wa daraja. Si wa ukoo wetu. Mama yake amezaa tisa na wote wako hai. Chepngeno ana miaka kumi na tisa, maana alikaa nyumbani miaka miwili akimuuguza mama huyo, kisha akarudi darasani peke yake, akavaa sare na kukaa na wadogo zake bila kuona haya. Umeridhika? Au unataka na rangi ya ndama wao?

Juzi nilimuuliza anataka kuwa nini. Alifikiri sana, akasema, "Mwalimu, sijui. Nikishapita mtihani ndio nitajua, kwa sababu nitakuwa mahali pengine nikiangalia." Nimelifikiria jibu hilo juma zima.

Bethwel


Karibu na Chepilat, 20 Aprili 2025

Bethwel mwanangu,

Pasaka njema. Kwaya iliimba, mimi nikaangalia midomo. Majani yanaanza kurudi. Maziwa ya mgando, mursik, nimeyatia kwenye kibuyu kipya, ukija utakunywa.

Macho yamekuwa na ukungu. Daktari amesema nina mtoto wa jicho. Nimemwambia huyo ndiye mtoto wa kwanza kuniingia, hakucheka. Basi sitaandika mengi. Nilifika huko kwenu Mulot siku mbili kabla ya Pasaka, nilipanda lori la Nganga pamoja na wazee wawili. Sikupita kwako, tulikuwa na haraka. Wale ng'ombe sita wa malisho ya chini nimewatoa.

Nitumie kile kitabu.

Jerusa


Mulot, 11 Mei 2025

Mama Mkubwa,

Mtoto amepona kikohozi, kikamrudia. Janeffer anauliza umekosana naye nini. Umefika Mulot, hatua mia tatu kutoka mlangoni kwetu, na hukuingia hata kunywa maji. Mimi nilikuwa kanisani siku hiyo. Ulikuja na wazee kufanya nini, na ng'ombe sita umewatoa kwa nani? Barua yako ni fupi kama taarifa ya msiba.

Kitabu nakutumia, ni nakala yangu mwenyewe.

Shule imefunguliwa wiki mbili sasa na Chepngeno hajarudi. Nilimtuma Fancy kwao. Baba yake alimwambia ameenda kwa jamaa, hakusema jamaa gani. Jina lake limeshaingia kwenye orodha ya watahiniwa wa Novemba. Dawati lake liko mbele ya meza yangu, na kila nikiinua macho ndilo ninaloliona. Nakuambia haya kwa sababu sina mwingine wa kumwambia. Niombee asiwe ameolewa na mpumbavu fulani mwenye pikipiki.

Bethwel


Karibu na Chepilat, 8 Juni 2025

Bethwel mwanangu,

Salamu nyingi kutoka hapa. Majani ni mengi na wachumaji hawatoshi. Ndama jike ameanza kula nyasi. Kitabu kimefika, ninasomewa kidogo kidogo alasiri tukitoka shambani, sasa tuko sura ya saba.

Usione ajabu kwamba barua imenyooka. Macho yamekataa kabisa, kwa hiyo nimepata wa kuniandikia na kunisomea. Kazi yake ni safi na hapendi kuzurura. Mwenye maghala nampenda zaidi sasa. Amemjengea Mwanatumu jiko lenye dirisha.

Usiulize mambo mengi. Mambo mengine mtu huambiwa akikaa kitini, si kwa karatasi.

Jerusa


Mulot, 15 Juni 2025

Mama Mkubwa,

Sina salamu leo.

Nilifungua barua yako chumba cha walimu. Kabla sijasoma neno moja nilijua. Ukurasa unaanza vidole viwili kutoka ukingoni, na mstari wa kila "t" unapita juu ya neno zima kama paa. Nimesahihisha mwandiko huo mwaka mzima. Nilitoka nje nikakaa nyuma ya tangi la maji, na Kiplimo alipokuja kuniita nilimfukuza.

Najua mila yetu, usinifundishe. Mwanamke mwenye mali asiyejaliwa mtoto anaoa msichana, analipa ng'ombe, wazee wanamhesabu kuwa mume, na watoto wa msichana huyo wanaitwa kwa jina la nyumba hiyo ili moto wake usizimike. Nilicheza na watoto wa nyumba kama hizo na sikuwahi kuwahesabu tofauti. Siikatai mila. Lakini kwa nini huyu?

Nami nimejijibu mwenyewe. Wanasema mdomo huponza kichwa. Wangu ulinyamaza, kalamu ndiyo iliyoponza kichwa cha mtu mwingine. Nilikuandikia akili yake, adabu yake, kazi yake, ukoo wake, umri wake na uzazi wa mama yake. Hata mshenga angeuliza alipwe kwa kazi kama hiyo. Nilidhani naandika habari za shule.

Nimekwenda kwa chifu. Ameniambia msichana ni mtu mzima, ana kitambulisho, na alipoulizwa mbele ya wazee alijibu ndiyo. Akaniuliza mimi nina hasara gani. Nakuomba umrudishe amalize mwaka huu tu. Kisha fanya unavyotaka.

Bethwel


Karibu na Chepilat, 6 Julai 2025

Bethwel,

Chunga maneno yako, anayenisomea ni huyo huyo unayemlilia, naye ndiye anayeandika haya. Hakuficha hata neno moja la barua yako, alinisomea yote kwa sauti kubwa karibu na sikio langu la kushoto.

Kwanza, usiniite tena Mama Mkubwa. Wazee wamekaa, maziwa yamenyunyizwa, sasa nahesabiwa mwanamume wa boma hili. Mimi ni Baba Mkubwa wako, na Chepngeno ni mama kwako, ingawa ulimshikia chaki.

Pili, unauliza kwa nini huyu. Ulitaka nikae na nani? Na mjinga? Nyumba ya Noah imelala miaka arobaini. Nimevumilia wanawake kanisani wakinipa watoto wao niwashike kidogo, halafu wakiwachukua haraka, eti mkono wangu ni mkavu. Nimekulea wewe na nilikupenda kama wangu, lakini ulipooa ulijenga Mulot, na mwanao umempa jina la baba yako. Haki yako. Sikusema kitu. Basi na mimi nimetaka mtu atakayeitwa wa Noah, awe na akili ya kuhesabu maswali, ili wale wapima ua wakimjia asidanganywe.

Tatu, nakuuliza bila kukuficha. Nikifa bila mtoto, majani haya yanaenda kwa wana wa ndugu za Noah. Wewe ni mmoja wao. Watu hapa wanajua kuhesabu pia. Wakikuona unapiga kelele watasema nini?

Amebeba mimba. Atazaa mwaka mpya ukianza. Baba wa mtoto hatajwi, mtoto ni wa Noah. Akishazaa, kama anataka shule, tutaona.

Jerusa


Mulot, 7 Septemba 2025

Baba Mkubwa,

Naandika jina hilo kwa sababu umesema niandike.

Huku tuko salama. Tangu nitoke kwako Agosti sijapata usingizi wa maana. Nilikuja na maneno yote nimeyapanga, kama wakili. Halafu mmoja wa wana wa ndugu za Noah akasema mbele ya wazee, "Mwalimu amefuata majani," na watu wakacheka kidogo, na mimi nikanyamaza. Nilikuwa na haki na nikanyamaza. Niliogopa kuonekana mwenye tamaa, nikachagua heshima yangu, nikanywa chai. Chepngeno alipoileta hiyo chai nilishindwa kumtazama. Nilimuuliza kama amezoea baridi ya kwenu. Akasema amezoea. Hayo ndiyo tuliyozungumza.

Sasa nakuomba jambo moja dogo. Mtihani wa Novemba, jina lake bado lipo. Je, utamruhusu aje kuufanya? Akikaa kwetu na Janeffer wiki hizo, utakubali? Je, afya yake inaruhusu safari? Daktari amesema atajifungua lini hasa? Nikileta gari la kukodi mpaka mlangoni, kuna atakayepinga? Wazee wanahitaji kuambiwa, au neno lako linatosha? Na ukikataa, nitawaambia nini wenzake?

Ndani nimeweka bahasha yake ya maoni ya awali. Darasa limemaliza kitabu Ijumaa. Wote walirarua zao wakacheka. Fancy alisema aliyeandika karatasi yake alikuwa mtoto. Ilibaki hii moja mezani. Mpe.

Nasubiri jibu.

Bethwel


Karibu na Chepilat, 16 Novemba 2025

Mwalimu Bethwel,

Hatujambo hapa. Mzee Jerusa amepumzika jikoni karibu na moto, miguu imemvimba. Ameniambia nikuandikie mwenyewe, yeye amechoka na maneno. Ndama jike ameuzwa. Majani ni mengi. Mimi ni mzito, nimebakisha miezi miwili, lakini bado nachuma kwa safu za karibu na nyumba.

Barua yako ya Septemba nilimsomea siku ile ile. Akasema, "Amuulize mwenye tumbo." Sikukujibu, nilingoja uandike tena, uniulize mimi. Kila Nganga akipita nilisimama barabarani. Wiki ya mtihani nilivaa viatu vya shule siku ya kwanza, nikakaa kwenye mlango mpaka jua likawa juu. Halafu nikavivua kwa sababu miguu ilikuwa imevimba pia.

Nataka ujue hakuna mtu alinifunga kamba. Baba alikuwa amepokea ng'ombe na kuwapeleka kwa mifugo yake kabla mimi sijaambiwa. Mbele ya wazee waliniuliza kama nimekubali, wote wakiniangalia, na baba akiniangalia zaidi. Hilo si swali. Lakini Mzee alipofika kwetu mara ya kwanza alinivuta kando akaniuliza kama naogopa mbwa. Nilishangaa sana. Nikajisemea, huyu amenifikiria. Kwa sababu ya hilo swali nilikuja bila kulia.

Mwezi wa sita nilikuwa natafuta miwani yake kwenye sanduku, nikapata barua zako. Nikapata ukurasa wangu umeandikwa kwa mkono wako, na hapo kwa mbwa amepiga mstari kwa kalamu. Sikumwambia kitu. Si mtu mbaya, Mwalimu. Ananipa maziwa ya kwanza kikombe kizima na jikoni amenitobolea dirisha. Lakini usiku huo huo sikuwa na mahali pa kwenda hata kwa mawazo, kwa sababu lile swali moja nililokuwa nalo halikuwa langu.

Siku uliyokuja Agosti nilikuwa nimefunga nguo zangu kwenye gunia nyuma ya mlango wa jikoni. Nilijiambia, akiniuliza ninataka nini, nitasema nataka kwenda, nitatoka naye wazee wakiona, na mimi nina kitambulisho kama chifu alivyosema. Nilileta chai nikasimama pale muda mrefu kuliko inavyofaa. Uliniuliza kuhusu baridi.

Na hii barua yako ya Septemba ina maswali saba. Nimeyahesabu mara mbili. Yote ni ya Mzee, na ulijua ni mimi ninayesoma.

Sikulaumu sana. Mchimba visima pia alikuwa mtu mzuri. Tulimaliza kitabu mimi na Mzee, yeye alilia mwishoni, mimi sikulia.

Bahasha nakurudishia, sijaifungua. Nakala iko sandukuni na sitaki kumwona msichana aliyeiandika. Iweke na karatasi zako.

Wazee wamesema mimi ni mama yako, na mama akiandika lazima aulize. Umekula? Unalala? Kikohozi cha mtoto kimeisha?

Ni mimi mama yako,
Chepngeno